Kamera Namba Nne

Hospitalini hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Sinki, naye akaitika, maana miaka kumi na tisa ya kusimama mbele ya masinki mawili ya chuma inatosha kumfanya mtu akubali undugu nayo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kumezesha wagonjwa kamera, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na kidirisha cha kusukuma pembeni. Huku mgonjwa analala ubavu, anang'ata plastiki yenye tundu, daktari anampitishia mpira mweusi wenye jicho mwishoni mpaka tumboni. Kule Bi Sinki anasubiri mpira huo urudi. Anaufuta. Anaujaza hewa na kuuzamisha majini aone kama kuna povu linalotoroka, kwa sababu povu ni tundu, na tundu ni hasara ya kumfukuzisha mtu kazi. Anapitisha brashi ndefu kwenye mfereji wake mwembamba mara tatu. Anaulaza kwenye dawa, anausuuza, anaukausha, anauning'iniza kabatini pamoja na wenzake.

"Ukiruka hatua moja," aliwaambia wanafunzi wa uuguzi, "mgonjwa wa kesho anammeza mgonjwa wa leo."

Wanafunzi walicheka, halafu mchana hawakula.

Miaka hiyo yote ilikuwa imemfundisha kusoma ute. Mtu anaweza kumdanganya daktari kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana, na anaweza kumdanganya mkewe kwamba pombe ameacha. Kamera ikitoka, Bi Sinki anaitazama sekunde mbili tu na kusema, "Huyu kanywa chai ya maziwa saa kumi na mbili," na kweli kanywa. Hakuwa na cheti cha kazi hiyo. Alikuwa na kitu kibaya zaidi kuliko cheti: sifa.

Ndipo Profesa akaleta utafiti wake.

Utafiti ulihusu kiungulia, si kile cha kula ukashiba ukasahaulika, bali kile kinachomwandama mtu miaka. Mlango mdogo ulioko kati ya mrija wa chakula na tumbo unalegea, asidi inapanda inapotaka, inaunguza mrija, na mwenyewe analala ameketi kama mlinzi wa benki. Tiba zilikuwa mbili: vidonge mpaka kaburini, au kupasuliwa. Profesa alikuja na ya tatu. Kamera inaingia mdomoni ikiwa imevalishwa kidude cha kushonea, ambacho wafanyakazi walikiita bastola, na daktari anaukaza ule mlango kwa uzi kutokea ndani, bila kisu, na jioni mgonjwa yuko kwake.

Swali lilikuwa moja: uzi unatibu kweli, au kinachotibu ni matumaini ya kushonwa? Kwa hiyo kila Jumatano walikuja wagonjwa wawili. Kwa kura ya siri mmoja alishonwa, mwenzake alisinzizwa, akamezeshwa kamera, akaangaliwa tu, kisha wote wawili wakarudishwa nyumbani na karatasi zilezile na maumivu yaleyale ya koo. Mgonjwa asijue. Daktari wa kumfuatilia asijue. Hata sista aliyejaza fomu za utafiti asijue. Siri ilikuwa kwenye bahasha, bahasha kwenye kasha la chuma, ufunguo kwa Profesa, na kwa miezi sita kila mshiriki alitakiwa aishi bila kujua kama ana uzi tumboni au ana hadithi.

Kamati ya watu saba ilikaa vikao vitatu kuhakikisha hakuna mahali pa kuvujia. Katika hao saba hapakuwa na aliyewahi kuosha kikombe chake mwenyewe, sembuse kamera. Walikumbuka jambo moja tu kuhusu kidirisha: kamera mbili za Jumatano zipelekwe pamoja, mwisho wa kazi, bila majina, ili mwoshaji asijue ya nani ni ipi.

Wiki ya pili Bi Sinki alishajua. Kamera iliyobeba bastola ilirudi na mafuta shingoni na nyuzinyuzi za buluu kwenye mfereji. Isiyobeba ilirudi haina. Ilibaki kulinganisha ute na nyuso alizoziona kwenye benchi asubuhi, na kwa kazi hiyo, nani angemfikia? Hakumwambia mtu. Wala hakuna aliyemletea karatasi ya kuapa kutunza siri, kwa kuwa hakuna aliyedhani anayo.

Yote hayo yangebaki mchezo wake wa kimyakimya, kama asingekuwa na kaka.

Kaka yake alifundisha udereva. Wanafunzi wake walimwita Breki kwa sababu gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na guu lake halikutoka juu yake tangu gari linawashwa. Alikuwa na kiungulia cha miaka kumi na moja. Alilala kwenye kochi ameegemea mito mitatu, na mkewe alilala chumbani peke yake kama mjane mwenye mume sebuleni. Mfuko wa shati lake ulijaa vidonge vya kutafuna vya rangi ya waridi. Mwanafunzi akimsikia anatafuna kwa kasi, alijua kwamba kona ile ameikata vibaya. Asidi ilikuwa imeshamwachia kovu lililoubana mrija, ikabidi siku moja madaktari waupanue, nao wakamwonya: mara nyingine mrija unaweza kuziba au kutoboka.

Bi Sinki ndiye aliyemtajia utafiti. Ndiye aliyemwambia avae shati safi siku ya usaili. Kwa hiyo Jumatano yake ilipofika, alisimama kwenye masinki moyo ukimdunda kama wa mzazi nje ya chumba cha mtihani. Asubuhi ile washiriki walikuwa wawili: Breki, na mama mmoja mwalimu wa shule aliyevaa kofia ya kufuma.

Kidirisha kikasukumwa. Kamera mbili. Namba tatu ilikuwa na mafuta na nyuzi za buluu, ute wake mweupe safi. Namba nne haikuwa na mafuta, haikuwa na uzi, na ilikuwa imepakwa ute wa rangi ya waridi kutoka kichwani mpaka katikati.

Bi Sinki aliweka brashi chini.

"Breki, Breki," alisema kwa sauti ya chini. "Umeambiwa usitie kitu mdomoni, umetafuna!"

Ndiyo hivyo. Mwalimu kashonwa, kaka yake kapigwa kiini macho. Akaiosha kamera namba nne hatua zote bila kuruka hata moja, na siku hiyo aliiosha mara mbili, kana kwamba uzi ungetokea kwa kusugua.

Kisha Breki akapona.

Alipona kwa fujo. Wiki ya tatu alihama kochi, akarudi kitandani, akalala chali. Wiki ya tano alivitupa vidonge. Kila Jumapili Bi Sinki alikula mchana kwao, na kila Jumapili alihubiriwa.

"Wamenishona, mdogo wangu!"

"Huwezi kujua, kaka. Ni siri."

"Siri gani na mimi nahisi kufuli? Hapa. Weka mkono. Nikimeza, linafungua, nikimaliza, kwap! Linafunga."

"Kufuli la nini, kaka? Wewe ni ghala?"

"Wifi, mwache ajisifu," mke wa Breki alisema, akimwongezea mumewe chakula bila kuulizwa. Mwanamke huyo alikuwa amenenepa kidogo na kuanza kuimba akipika. "Afadhali kufuli kuliko kile kikohozi. Mimi nilishazoea kulala na mito."

Bi Sinki alicheka nao, lakini kila tonge lilimshuka kama kokoto. Alijua, au alijua kwamba anajua, na hakuna ugonjwa unaokondesha kama huo. Aliona asidi ikipanda polepole gizani ndani ya kaka yake huku mwenyewe akichekelea. Breki akikohoa vumbi la barabarani, dada yake alihesabu. Akijisafisha koo, alihesabu. Mwezi wa tatu alijaribu kupitia mlango wa nyuma.

"Kaka, si ungeendelea na kidonge kimoja kimoja, cha tahadhari?"

Breki alimtazama kwa huruma, ile ya tajiri kwa mtu anayeulizia nauli. "Mdogo wangu. Wewe unaosha mipira. Waachie wanaoshona."

Ilimchoma, naye akanyamaza. Akisema, utafiti unaharibika na kazi inaota mbawa. Asiposema, kaka yake anaoza kimyakimya. Alijipa tarehe: mwezi wa sita bahasha zitafunguliwa, ataambiwa na wenyewe. Avumilie mpaka hapo tu.

Mwezi wa tano, Jumapili, saa nane mchana, Breki alikuwa anasimulia jinsi mwanafunzi mmoja alivyoligonga geti la chuo cha udereva chenyewe. Kinywani alikuwa na kipande cha nyama kikubwa kuliko hadithi. Akameza ili awahi kuchekesha, na hakuchekesha. Alinyamaza. Akaweka mkono kifuani. Macho yakamtoka.

"Maji," alisema mkewe.

Maji yaliingia, yakakaa kidogo, yakarudi yote mezani. Breki alikuwa anapumua, lakini hata mate yake mwenyewe hayakupita. Alianza kuyatema kwenye bakuli, na kila alipojaribu kuyameza alijikunja kama mtu aliyepigwa ngumi.

"Limekwama," alisema kwa sauti ya mtu aliye chini ya maji. "Kwenye kufuli."

Kufuli gani, aliwaza Bi Sinki. Ni kovu. Asidi imemla miezi mitano na mimi naangalia.

Mkewe ndiye aliyeendesha. Breki aliketi upande wa abiria na bakuli mapajani, na hata akiwa katika hali hiyo guu lake la kulia lilikanyaga sakafu kwa nguvu kila walipokaribia gari la mbele.

"Wewe bwana, hilo gari halina breki ya pili!" mkewe alimfokea machozi yakimtoka. "Tulia ufe vizuri!"

"Wifi!" Bi Sinki alisema kutoka nyuma.

"Niache! Nikinyamaza nitagonga mtu."

Hospitali ya Jumapili ni jengo lilelile bila watu wake. Katika kitengo cha kamera walikuwepo daktari kijana wa zamu na nesi mmoja. Mwoshaji wa kuitwa wikendi hiyo alikuwa Bi Sinki mwenyewe, ambaye safari hii alijiita. Akavaa aproni, akafunga barakoa, akawa mfanyakazi.

Daktari wa zamu alimpima Breki, akamtoa pochi mfukoni kutafuta kadi ya bima, akakuta kadi nyingine, ya kijani. Akaisoma kwa sauti.

"'Mwenye kadi hii huenda ameshonwa au hajashonwa. Kabla ya kumwingizia kifaa chochote, piga namba hii.'" Akaigeuza. "Haya."

Akapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Profesa alikuwa ndani ya ndege pamoja na msaidizi wake wa kushona, akienda kuuhutubia mkutano kuhusu jinsi utafiti wake ulivyo salama. Namba ya pili ilikuwa ya sista wa fomu, aliyepokea haraka na kuapa kwamba hajui kitu, na kwamba kutokujua ndiyo kazi yake. Bahasha ilikuwa kwenye kasha. Ufunguo wa kasha ulikuwa angani.

"Mungu wangu," alisema daktari wa zamu. Alikuwa na sura ya mtu aliyemaliza shule juzi, na jasho lilikuwa limeanza kumlowesha kola. Akamvuta Bi Sinki pembeni, kwa sababu siku zote madaktari vijana humvuta Bi Sinki pembeni. "Mama, nisikilize. Kama hajashonwa, nalisukuma tonge polepole liingie tumboni. Dakika kumi. Kama ameshonwa, nikisukuma nitakata uzi, na uzi ukikatika unaweza kuchana mrija. Itabidi nilinyofoe kipande kwa kipande kutokea juu. Saa nzima, labda mbili, na mtu wa usingizi hayupo. Kipande kikidondokea njia ya hewa..." Hakumalizia. "Au nimpakie kwenye gari, aende hospitali kubwa. Saa tano za njia."

Walimtazama Breki. Bakuli lilikuwa limejaa, nesi anambadilishia. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka, na kila pumzi ilikuwa na mluzi mdogo ndani yake.

"Hafiki," alisema daktari.

Miezi mitano Bi Sinki alikuwa amelibeba neno hilo kinywani kama mtu aliyekatazwa kutema. Sasa lilitoka lenyewe.

"Dokta. Hajashonwa."

"Unasemaje?"

"Hajashonwa. Kamera yake niliiosha mimi. Haikuwa na mafuta ya bastola, haikuwa na uzi. Sukuma."

Daktari alimtazama. Mwingine yeyote angeulizwa maswali kumi. "Una uhakika, mama?"

"Miaka kumi na tisa, dokta."

"Basi nasukuma," alisema, na mabega yake yakashuka kwa nafuu. "Tumwandae."

Nesi akampulizia Breki ganzi ya kooni, akamchoma sindano ya kumsinziza. Bi Sinki akapitisha kamera kidirishani, kisha akatoka korido dakika moja. Wifi yake alikuwa amesimama ukutani, amekumbatia mkoba kama mtoto.

"Usilie. Itakuwa rahisi. Nimewaambia hajashonwa, kwa hiyo wanalisukuma tu."

Mke wa Breki aliacha kulia papo hapo. "Hajashonwa? Nani kasema?"

"Mimi. Nilijua tangu siku ileile. Nisamehe, wifi, sikuruhusiwa kusema."

"Umejuaje?"

"Ute. Kamera yake ilitoka na rangi ya waridi, ya vile vidonge vyake. Si unajua alivyo, hawezi kukaa asubuhi nzima bila kutafuna."

Mwanamke yule alimkazia macho. Alipozungumza alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto.

"Wifi. Siku ile hakutafuna. Alfajiri nilimsachi mimi mwenyewe, mifuko yote, mpaka soksi. Vidonge vyote nilimnyang'anya nikavimwaga chooni. Njia nzima alinitukana. Mpaka anaingia mle ndani alikuwa na mimi ubavuni, hakuweka hata punje mdomoni."

"Vidonge vya waridi," alisema Bi Sinki, "ni vyake."

"Ni vya kila mtu mwenye kiungulia! Vinauzwa kila duka la dawa! Huyo mwenzake wa siku ile alikuwa na nini, mafua?"

Mama mwalimu. Kofia ya kufuma. Mkoba mkubwa, na mkono uliokuwa unaingia mkobani na kutoka, unaingia na kutoka, na shavu lililokuwa linatembea taratibu. Bi Sinki alikuwa ameona hayo yote kwenye benchi asubuhi ile, na hakuyatazama, kwa kuwa alikuwa anamtazama kaka yake.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika mlangoni. Alikumbuka tu kwamba viatu vya mpira viliteleza na kiwiko kikagonga fremu. Ndani, taa zilikuwa zimezimwa ili skrini ionekane. Pale kwenye skrini lilikuwa tonge, kubwa, la kahawia, limejaa mrija wote, na ncha ya kamera ilikuwa imeligusa. Mkono wa daktari ulikuwa unasonga mbele.

"Linaanza kusogea," daktari alimwambia nesi. "Kidogo tu..."

"Usisukume!"

Mkono ukaganda.

"Mama, si umesema..."

"Nimesema! Sijui! Nilidhani najua, sijui. Toa mkono, dokta, tafadhali, rudi nyuma!"

Alirudi nyuma nusu kidole. Kwenye skrini, pembeni mwa tonge, uzi mwembamba wa damu ulijitokeza na kuanza kuteremka. Mashine ya mapigo ilikuwa inalia kwa haraka kuliko inavyopaswa.

"Nipe wavu," alisema daktari, na sauti yake sasa haikuwa ya mtu wa juzi. "Mama, wewe shika kidevu. Usikiachie hata akikung'ata. Nesi, mfyonzo usitoke mdomoni."

Saa nzima na dakika ishirini. Wavu mdogo ulishuka, ukang'ata nyuzi za nyama, ukapanda, ukashuka tena. Kila kipande kilipopita kooni Breki alikorota kama injini inayokataa kuwaka, na kila mara Bi Sinki alisikia moyo wake mwenyewe ukisimama pembezoni mwa barabara kusubiri. Kuna wakati mashine ya oksijeni ilipiga kelele. Daktari akatoa kila kitu, wakamgeuza, nesi akafyonza, wakasubiri namba zipande. Zikapanda. Wakarudi. Kidole gumba cha Bi Sinki kilikufa ganzi chini ya kidevu cha kaka yake, naye hakukibadilisha.

Kipande cha mwisho kilitoka kikiwa na ukubwa wa ukucha. Daktari akasafisha kwa maji, akashusha kamera polepole.

Vilikuwa pale. Vifundo vitatu vya buluu, vimekaa duara kuuzunguka ule mlango, vimefunikwa nusu na nyama iliyopona juu yake. Viwili vilikuwa vimekaza. Cha tatu kilikuwa kimevutwa, kimening'inia, na pembeni yake palikuwa na mchubuko mwekundu unaovuja damu kidogokidogo.

Daktari wa zamu akabonyeza kitufe, picha ikatoka kwenye mashine, akaiweka juu ya meza. Hakumtazama Bi Sinki. Akavua glavu moja, akavua nyingine.

"Kamera hii," alisema, "ioshe."

Akaiosha. Hatua zote.

Jumatano iliyofuata kamati ya watu saba ilikutana, na safari hii Bi Sinki aliitwa. Alikuwa ameandika maelezo ya kurasa mbili kwa mkono, bila kujitetea, na tayari alishafungasha kikombe chake na kandambili. Profesa, aliyerudi na tai mpya, alikuwa amepauka: kama mwoshaji anajua siri zote, utafiti umekufa. Mtu wa takwimu, kijana mwembamba mwenye kompyuta, akamwomba mama aandike anavyodhani, jozi zote kumi na saba za washiriki, nani kashonwa na nani la. Aliandika bila kusita, isipokuwa jozi moja.

Kijana akachukua orodha, akaenda nayo chumba cha pili palipokuwa na majibu halisi, akarudi anang'aa kama bwana harusi.

"Jozi tisa sahihi, nane makosa!" alitangaza. "Profesa, hii ni sawa na kurusha sarafu! Hajui chochote! Siri iko salama kabisa!"

Kamati nzima ilipumua. Mmoja alipiga makofi. Profesa aliinuka, akazunguka meza, akamshika Bi Sinki mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera sana, mama. Umetuokoa."

Hakuna aliyewahi kumpongeza hospitalini hapo kabla ya siku hiyo. Walimbakisha kazini. Waliandika kwenye ripoti kwamba mshiriki mmoja alipata tatizo la kumeza, akahudumiwa, akatolewa kwenye utafiti, na kwamba kuanzia sasa kamera zote za Jumatano zitapakwa mafuta ya bastola, zishone zisishone. Bi Sinki alitia sahihi, akarudi kwenye masinki, akafungua maji. Jozi nane. Watu nane aliowahurumia bure na watu nane aliowaonea wivu bure, kwa miezi.

Jumamosi alikwenda kwa kaka yake. Wifi alifungua mlango, akampisha bila salamu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sijamwambia. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Mimi."

Breki alikuwa kwenye kochi, mito mitatu mgongoni. Daktari alikuwa amemwambia alale ameinuka mpaka waone kile kifundo cha tatu kitafanyaje. Huenda kitashika, huenda atashonwa upya. Alikuwa na kikombe cha uji mwepesi na furaha isiyo ya kawaida kwa mtu anayekunywa uji.

"Njoo, njoo! Uliona? Nilisema nini mimi? Kufuli! Mkanibishia nyumba nzima!" Alichomoa ile picha chini ya mto. "Daktari kanipa. Nitaitia fremu, niitundike pale karibu na ya harusi."

Bi Sinki hakuketi. Alimsimulia akiwa amesimama, kutoka kamera namba nne mpaka kidirishani, mpaka korido, mpaka mkono wa daktari uliokuwa unasonga mbele. Hakuruka hatua. Breki alisikiliza kikombe kikiwa nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Wewe ndiye uliyesema asukume?"

"Mimi."

"Na Jumapili zile zote. Ninapokula, ninapokwambia weka mkono hapa. Ulikuwa unaniona mjinga."

"Nilikuwa nakuhurumia, kaka."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti, koo lilikuwa bado bichi. Alimnyooshea picha, kidole chake kikubwa cha dereva kikiwa pembeni ya rangi ya buluu.

"Shika. Hesabu."

"Kaka..."

"Hesabu, wewe mwenye macho."

"Kimoja. Viwili. Vitatu."

"Cha tatu kimefanya nini?"

"Kimelegea."

"Kimelegezwa na nani?"

"Na mimi."

"Rudia toka mwanzo."

Kutoka jikoni mkewe akasema, "Baba, basi, mwache."

"Bado," alisema Breki, akajiegemeza kwenye mito yake bila kumwondolea dada yake macho. "Bado sijasikia vizuri."

Bi Sinki alisogeza picha karibu na dirisha, penye mwanga, akaanza tena.